Riwaya za mtumba Mwanza: kabla hujauliza bei, uliza kimetoka wapi

Mwanza sijawahi kuona duka la vitabu vya mtumba lenye kibao mlangoni, tuanzie hapo, maana watu wakinikuta na kitabu kwenye daladala swali ni hilo hilo, "dada hilo duka liko mtaa gani," na mi mtaa wa kutaja sina. Kuna meza. Kuna turubai limetandikwa chini. Kuna mama anauza vyombo na pembeni ana boksi la vitabu ambalo yeye mwenyewe hajui lina nini, na kuna kijana anafungua belo pale Mlango Mmoja, katikati ya masweta kinadondoka kitabu kinene cha maisha ya mcheza gofu wa Marekani, anakitupa pembeni anaendelea na masweta. Soko lenyewe ndo hilo, leo lipo kesho halipo. Kwa muda wote niliozunguka humo kuna kitu kimoja kinanisaidia kuliko zile orodha za vitabu ambavyo eti lazima uvisome kabla hujafa: nauliza kwanza kitabu kimefikaje pale. Njia iliyokileta inasema mengi kuliko kava, na kuliko muuzaji pia, kwa sababu muuzaji mara nyingi hajakifungua.

Njia kubwa ni ya kontena. Hivi ni vitabu vilivyotoka Ulaya na Marekani, kwenye maktaba zilizopunguza mzigo, mashuleni, kwenye nyumba za watu waliohama au waliofariki watoto wakaamua kugawa kila kitu, na unavijua kwa mihuri, ukurasa wa kwanza una mhuri wa maktaba ya mji ambao wala huujui uko upande gani wa ramani, na kile kikaratasi cha tarehe za kuazima bado kimebandikwa. Wingi uko humu na takataka ziko humu humu. Mapenzi ya daktari na nesi, mapenzi ya bosi na sekretari wake, wapelelezi wenye talaka na chupa ya wiski, alafu maisha ya mastaa ambao huku hatuwajui, mpishi wa kwenye tivii, mchezaji, mke wa zamani wa mchezaji. Sisemi vyote vibaya. Kitabu cha maisha ya mpishi nilichokipata kwa buku kilinichekesha kwenye daladala kutoka mjini mpaka Nyegezi, abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Humo kwenye kontena utakutana na James Hadley Chase, huyo hakwepeki, nadhani kuna nakala zake kuliko sangara pale Mwaloni. Kizazi cha baba zetu kilimsoma sana na wengi wanaapa alikuwa jambazi mstaafu wa Marekani, wakati jina lake halisi ni René Raymond, Mwingereza, kitabu chake cha kwanza kilitoka 1939 na hiyo miji ya Marekani alikuwa anaiandika kwa kutumia ramani na kamusi ya maneno ya wahuni wa kule. Mi namsoma nikiwa na mafua. Ukimaliza hukumbuki kitu na ndo raha yake.

Dhahabu ya kontena ni vile vitabu vya kava la chungwa, mfululizo wa Waandishi wa Afrika wa Heinemann ulioanza 1962, Chinua Achebe akiwa mhariri mshauri wa miaka ya mwanzo. Kinachonifurahisha hapa ni safari. Mtu kaandika Nigeria au Kenya, kitabu kimechapwa Uingereza, mwanafunzi wa huko kakisoma darasani na kuchora moyo kwenye jalada, maktaba ikakitoa, kikapanda meli, na leo kiko Mwanza chini ya mguu wa mtu anayechagua viatu. Ukiona rangi hiyo ya chungwa usiulize maswali mengi, nunua. Hata kama jina la mwandishi hulijui, nunua, kwa sababu waliochagua vile vitabu walikuwa na jicho.

Na hapa niseme jambo la bei maana ndo siri ya mjini. Wauzaji wengi wanapanga bei kwa unene. Sitanii. Siku moja nimeshika viwili, kimoja tofali la kijasusi lenye herufi za dhahabu, kingine kijitabu chembamba kimechoka, *Nagona*, riwaya ya Kezilahabi. Namuuliza mzee mwenye meza, mzee shikamoo, hivi bei gani. "Marahaba mwanangu. Hicho kikubwa elfu nane, kina maneno mengi hicho. Hicho kidogo nipe buku tu, nilitaka kufungia karanga." Nikalipa buku nikaondoka haraka haraka kabla hajabadilisha mawazo. Kwa hiyo msomaji mwenye akili anaanza na vitabu vyembamba, huko ndo kuna mali, kwa sababu Kiswahili kina riwaya fupi nyingi nzito ambazo sokoni zinahesabika kama daftari.

Njia ya pili ni ya wanafunzi. Mwisho wa mwaka wa masomo wanaotoka chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, wanaotoka chuo cha ualimu Butimba, waliomaliza fomu foo na fomu siksi, wote wanapunguza mizigo kabla ya kupanda basi, na vitabu vinaishia mezani kwa bei ya kutupa. Hapa utapata vitabu vya kiada vya fasihi kwa wingi, *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie*, *Joka la Mdimu*, *Vuta n'kuvute*, *Kufikirika*, na shida yake ni moja tu, vimeshachambuliwa. Yaani kila ukurasa una kalamu. Pembeni wameandika DHAMIRA, wameandika MHUSIKA BAPA, wamepiga mstari chini ya sentensi nzuri na kuandika "tashbiha," alafu ukurasa wa pili tu mwenzako kakuandikia nani anakufa mwishoni. Ukivizoea hivyo vitabu lakini vina utamu wake, unasoma riwaya na unamsoma pia mtoto wa watu aliyekuwa anahangaika na mtihani, kuna mahali kaacha kuchambua kaandika tu "daah".

*Takadini* naomba nikae nacho kidogo. Ni hadithi ya mama, Sekai, anayejifungua mtoto mwenye ualbino kwenye jamii ambayo mila inataka mtoto wa namna hiyo asiishi, anambeba anakimbia naye. Hadithi imewekwa Zimbabwe ya zamani. Sasa kwa mtu wa Kanda ya Ziwa hiki kitabu hakisomeki kama "dhamira ya mila potofu" kwa ajili ya maksi, maana sisi tunaikumbuka miaka ile ya 2007, 2008, 2009, Mwanza na Shinyanga na Geita, wenzetu wenye ualbino wanawindwa kwa sababu ya imani za utajiri, watoto wanahamishiwa kwenye mabweni yenye ulinzi. Nakala niliyonayo mwanafunzi fulani kaandika pembeni kwa penseli, kwenye ile sehemu ya mama kukimbia, jina la kijiji. Jina la kijiji tu. Sijui alitaka kusema nini na nimekifikiria sana hicho kijiji.

Njia ya tatu ndo naipenda kuliko zote na ndo ngumu kuliko zote, sanduku la bati la mwalimu mstaafu. Walimu wa miaka ya 70 walinunua vitabu. Kulikuwa na Tanzania Publishing House, kulikuwa na East African Publishing House, kulikuwa na East African Literature Bureau, vitabu vilikuwa vya bei ya mshahara wa mwalimu na vilifika mikoani. Mzee akifariki au nyumba ikiuzwa, sanduku linatoka, wajukuu wanaona makaratasi ya njano, na kama hujawahi wewe basi mama wa maandazi kakuwahi. Humo ndimo nimekutana na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, *Mzimu wa Watu wa Kale* cha 1960. Humo nimekutana na wapelelezi wengine, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vya mfukoni ambavyo kava zao zina bastola na msichana na ambavyo watu wazima waliokuwa vijana enzi zile bado wanavisimulia kwa sauti. Hivyo haviji vizima kirahisi. Vimesomwa vikaazimwa vikasomwa tena mpaka gundi ikaachia, unaweza kununua Joram Kiango akiwa hana mwanzo, unamkuta tayari yuko kwenye matatizo.

Humo pia kuna Grace Ogot, *The Promised Land*, 1966. Kwa nini mtu wa Mwanza ahangaike nacho? Kwa sababu ni hadithi ya mke na mume Wajaluo, Nyapol na Ochola, wanaotoka Nyanza kule Kenya na kuvuka kuja Tanganyika kutafuta ardhi, wanaipata, na jirani anawatia matatizoni kwa uchawi. Ni riwaya ya ziwa hili hili, na sisi ndo hiyo nchi ya ahadi yenyewe! Kiingereza chake chepesi, unamaliza wikiendi moja.

Ila tukizungumza ziwa, tuzungumze Ukerewe. Mi huwa nashangaa watu wanapanda meli kwenda Nansio, wanakula sato, wanapiga picha, wanarudi, bila kujua kwamba kisiwa kile kimetoa waandishi ambao mikoa mizima haijatoa. Euphrase Kezilahabi kazaliwa kule 1944, kijiji cha Namagondo. *Rosa Mistika* kilitoka 1971, binti wa kisiwani mwenye baba mkali wa viboko anayekutana na uhuru akiwa shule bila mtu aliyemwandaa, na kwa jinsi kilivyosema mambo wazi kikapigwa marufuku mashuleni, alafu baadaye kikaja kusomeshwa. Akafuata *Kichwamaji* 1974, *Dunia Uwanja wa Fujo* 1975, *Gamba la Nyoka* 1979 kuhusu vijiji vya ujamaa, na mwishoni vile viwili vya ajabu, *Nagona* 1990 na *Mzingile* 1991, ambavyo ukivisoma kwa kutafuta stori utachanganyikiwa, visome kama mtu anayekusimulia ndoto na usimkatishe. Alifundisha chuo kikuu Botswana miaka mingi, akafariki 2020. Ukiniuliza kipi cha kuanza nacho nitasema *Kichwamaji*, ingawa wengi watakwambia *Rosa*, na najua kwa nini, ila *Kichwamaji* kinakukalia kichwani, yule Kazimoto msomi aliyerudi kijijini na elimu isiyomsaidia kulala usiku, wasomi wengi wa kijijini kwetu wako hivyo na hawajiandiki.

Kabla ya Kezilahabi kuna Aniceti Kitereza, na huyu stori yake inaniuma. Kazaliwa 1896, kasomea seminari, lugha anazo kibao, anaona mambo ya Wakerewe yanapotea, anakaa chini anaandika riwaya nzima kwa Kikerewe, anaimaliza 1945. Nani achape kitabu kinene cha Kikerewe? Hakuna. Ikakaa. Baadaye mzee mwenyewe akaigeuza kuwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaitoa 1980, mwaka uliofuata, 1981, akafariki. Miaka thelathini na mitano tangu aweke kalamu chini! Ni hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, wapendanao wasio na mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, mume anahangaika kumrudisha na kulipa faini ya pombe ya ndizi, alafu waganga, alafu mwishowe watoto, Ntulanalwo na Bulihwali. Lakini katikati ya hayo anakueleza kila kitu, kulima, kuvua, kusalimiana, kupika pombe, namna ya kukaa ukweni, kwa utulivu wa mtu asiyeharakishwa na yeyote. Kuna kurasa utachoka, nisikudanganye. Mi nilichokea kwenye pombe. Ukizipita hizo unaanza kuona kwamba riwaya inakwenda kwa mwendo wa watu wenyewe, mgeni akifika haulizwi shida yake mlangoni. Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya, ndo akaja kuitoa kwa Kiingereza 2002.

Sasa nenda kaitafute hiyo nakala ya Kiswahili ya 1980 Mwanza. Huipati. Nimeiona kwa mtu, nimeishika, hakuniuzia. Na hili ndo linaloniudhi kwenye soko letu, vitabu vya mcheza gofu vimejaa na vya ziwani havipo, ingawa nikikaa nikafikiri naona si kwamba watu hawavitaki, ni kinyume chake, mtu akishakuwa navyo haviachii, na anayeazima harudishi. Mtumba ni kile ambacho mtu amekubali kuachana nacho. Kwa hiyo ukiingia sokoni ukakuta hakuna Kezilahabi hata mmoja usiseme Mwanza hawasomi. Wako ndani, chini ya vitanda, vimefungwa kwenye nailoni.

Vitabu vya maisha ya watu, hizi tawasifu, nina mambo yangu. Za wanasiasa soma utoto. Nasema hivi bila aibu. Sura za utoto mtu anasema ukweli, njaa, fimbo, shule ya mbali, alafu akishapata cheo kitabu kinageuka ratiba ya vikao. Ya Mzee Mwinyi iliyotoka 2021 ina faida moja kubwa, imeandikwa kwa Kiswahili na unaisikia sauti yake, wakati ya Mkapa ya 2019 ni ya Kiingereza, na zote mbili bado mpya mpya hivyo kwenye turubai hazijafika kwa wingi. Ya Mandela ya 1994 ipo kila kontena, nene, bei juu kwa ile sheria ya unene, na ukiinunua kumbuka sehemu yake aliiandika kwa siri akiwa kisiwani Robben, karatasi zikafukiwa kwenye bustani ya gereza, askari wakazifumania, lakini nakala ilikuwa imeshatolewa nje na mfungwa mwenzake. Ya Obama ile ya kwanza, ya 1995, ni nzuri kuliko za baadaye kwa sababu aliiandika kabla hajaanza kuomba kura, na sehemu ya tatu yote ni Kenya, anaenda Kogelo kwa bibi yake, ng'ambo ya maji haya haya.

Lakini kama unataka tawasifu moja tu ya Kiswahili, tafuta ya Shaaban Robert, *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Nyembamba, kwa hiyo rahisi. Mkewe Amina anafariki, yeye anabaki na watoto na kazi ya ukarani ya serikali ya mkoloni, na mule ndani anawaandikia watoto tenzi za kuwausia, mmoja kwa binti na mwingine kwa mvulana. Haombi huruma hata mahali pamoja. Ukimaliza hicho chukua Adam Shafi, *Haini* na *Mbali na Nyumbani*, visome vikifuatana: cha kwanza ni riwaya iliyotokana na kamatakamata ya Zanzibar baada ya Karume kuuawa 1972, na Shafi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliofungwa, cha pili ni maisha yake ya ujana akienda kuitafuta Ulaya. Mi niliona kwenye riwaya amejificha kidogo tu na ameweza kusema maumivu, kwenye maisha yake halisi amekuwa mcheshi. Mtu mmoja huyo huyo.

Mambo ya ukaguzi haraka haraka. Fungua katikati, siyo mwanzo, kurasa za katikati ndo zinachomoka fungu zima. Hesabu peji za mwisho, wapelelezi wasio na mwisho ni wengi sana mjini hapa. Nusa. Unyevu wa ziwa unaleta ukungu na ukungu ukiuingiza ndani unahamia kwa vitabu vingine, hivyo kipya kikae siku kadhaa kivulini chenye upepo, jua kali usikiweke, gundi inakauka na kava linajikunja. Ukiona vumbi kama unga mweusi kwenye mgongo wa kitabu huenda mende walipita, kiache hata kama ni bure. Na ukipatana bei usionyeshe furaha, shika kitabu unachokitaka katikati ya vingine viwili usivyovitaka, uliza bei ya hivyo kwanza, na jina la mwandishi usilitaje kwa heshima mbele ya muuzaji, atakusikia.

Kwa sasa natafuta *Gamba la Nyoka*, toleo la zamani, kava liwepo lisiwepo. Mwenye nalo kati ya Igoma na Nyegezi aseme bei, na juu yake naongeza Hadley Chase wanne wenye mwisho.